Uzi Mwekundu wa Mama na Kadi ya Kipa

Harufu ya balo la nguo kuukuu linapokatwa kamba huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuinusa. Ni naftalini, ni vumbi, ni sabuni ya nchi ambayo hutaifika, na chini kabisa kuna kitu kama mkate uliosahauliwa kabatini. Juma lililopita nilikata kamba za balo langu la kwanza, nililolinunua kwa jina langu mwenyewe, hapa sokoni Bunia, kwenye meza ile ile ya Mama. Harufu iliponipiga usoni nilikaa kwenye stuli nikaanza kucheka peke yangu. Jirani yangu anayeuza sandali aliniuliza kama niko mzima. Nilikuwa mzima kabisa, ila nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi na mmoja, nimeshika simu ya Mama mikononi, natunga uongo.

Mama amerudi kwao Butembo kupumzisha magoti yake. Ameniachia meza, wateja, na bobini ya uzi mwekundu ambayo imebaki nusu. Ninyi wa rika langu mliokulia mji huu huenda mliwahi kuvishwa sweta kutoka kwenye meza ile, na kama ni hivyo basi mnaujua uzi ule. Nataka niwasimulie jinsi ulivyofika mkononi mwangu. Nitasimulia kwa majivuno, nawaambia mapema, anayechukia majivuno aishie hapa.

Kila muuzaji wa nguo kuukuu mjini hapa hupanga balo lake kwa mafungu matatu: premier choix, deuxième choix na troisième choix, yaani daraja la kwanza, la pili na la tatu. Hilo halina ajabu. Ajabu ilikuwa jinsi Mama alivyopanga. Kabla nguo haijagusa meza, aliinua moja moja akaelekea upande wenye mwanga, akaingiza mkono ndani ya nguo, akatanua vidole. Palipopita mwanga palikuwa na tundu. Kisha alipitisha kidole gumba kwenye mishono yote, akavuta zipu juu na chini, akanusa kwapa bila aibu yoyote. Kila alipokuta kasoro alifunga hapo kipande cha uzi mwekundu, fundo moja dogo, ukubwa wa punje ya mtama. Kifungo kilichokosekana, uzi. Doa la mafuta, uzi. Mteja alipoinua nguo, Mama hakusifia kwanza kama wengine. Alianzia kwenye uzi.

"Angalia hapa kwanza, mama. Hapa iko na tundu. Kama hii tundu haikusumbui, basi tuongee."

Wauzaji wenzake walimwona kama mtu anayejitia mkosi. Lakini akina mama waliokimbia vita katika vijiji vya Djugu, waliokuja kununua shati moja tu ambalo mtoto angelivaa shule, kanisani na kulalia, walipita meza kumi zenye makelele wakaja kwenye yetu. Jina lake ni Mama Neema, kwa kuwa mimi Neema ndiye kifungua mimba wake, ila soko zima lilimwita Mama Uzi.

Sasa, mimi mtoto nilielewa nini? Nilielewa kinyume. Niliona wateja wakichukua nguo na kitu cha kwanza kukitafuta ni uzi. Waliupapasa, wakauonyeshana, wakaujadili. Nikaamini moyoni kuwa uzi mwekundu ni nishani, kwamba Mama huzipamba nguo zile zilizomfurahisha kuliko zote. Nilipokuwa na miaka saba, siku moja Mama alipokwenda kununua maji, niliona gauni jeupe la kamba za hariri, safi, zuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye balo. Nikaiba bobini nikalifunga mafundo kumi na mawili, kwenye kola, mikononi, hata mgongoni. Mke wa mchungaji alikuja kulitazama, akaona nyuzi kumi na mbili, akalirudisha polepole kama mtu anayerudisha mtoto wa wengine mwenye ndui.

Mama alipojua hakunipiga. Alininyang'anya bobini akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Uzi haiko muchezo, Neema. Uzi ni mudomo yangu. Usiiguse tena."

Miaka minne sikuigusa. Na nawaambieni ukweli, hakuna kitu duniani nilichokitaka kama kuigusa. Watoto wenzangu walitamani baiskeli. Mimi nilitamani kusimama penye mwanga, mkono ndani ya shati la mtu mzima, halafu nifunge fundo na watu wasadiki.

Ndipo zikaingia kadi. Mnazikumbuka kadi za wachezaji, tulizoziita karte? Zilitoka upande wa Uganda kwenye vipakiti vya plastiki vinavyonuka ubani wa kutafuna, tano kwa kipakiti, na hukuweza kuona ndani kuna nani. Lengo lilikuwa kukamilisha kikosi cha watu kumi na mmoja wa timu moja. Shuleni tulibadilishana kwenye mapumziko, na mwalimu wetu alizichoma jikoni kwa mpishi kila alipozikamata, kwa hiyo tulizificha kila mahali ambapo mwalimu mwenye adabu hawezi kutia mkono.

Mimi nilikuwa na wachezaji kumi. Alikosekana kapiteni. Bunia nzima hapakuwa na mtoto mwenye kapiteni, au kama alikuwapo alikuwa mchoyo asiyetajika. Ndiyo maana niliingia kwenye kundi la WhatsApp. Lilikuwa la watoto wa Bunia, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, hata Boga, wote wakitumia simu za wazazi Jumapili mchana wazazi wakiwa wamelala baada ya ibada na bugari, ugali wetu. Ulipiga picha ya kadi yako, ukaandika hali yake, ukangoja. Mkikubaliana, kila mmoja alimpa dereva wa lori bahasha yake, akapiga picha bahasha ikiwa mkononi mwa dereva, akaituma kundini kama ushahidi. Njia ikiwa nzuri, bahasha ilifika siku ya pili. Njia ikiwa mbaya, ilifika ilipofika.

Hali ya kadi ilikuwa neno moja tu: neuf, yaani mpya. Kila kadi katika kundi lile ilikuwa neuf. Kadi iliyotafunwa na mbuzi ilikuwa neuf. Ukipokea bahasha ukakuta kadi imechakaa, ulinung'unika, halafu Jumapili ifuatayo ukampa mwingine kadi hiyo hiyo, neuf. Tulijua wote, na hakuna aliyeona vibaya. Ilikuwa kama kumwambia shangazi kuwa umeshiba.

Nami nilikuwa na chambo, kadi ya kipa wa timu nyingine, gardien, yenye ukingo unaong'aa rangi ya dhahabu. Ila siku moja mwalimu aliingia darasani ghafla nikaitia kwenye kiatu. Nikaisahau. Nikatembea nayo mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka nyumbani, na nilipoitoa ilikuwa imevunjika mkunjo kutoka kona ya juu mpaka kwenye glavu ya kipa. Nililia. Kisha nikafanya kazi. Niliwasha pasi ya makaa, nikaiweka kadi katikati ya vitambaa viwili, nikaipiga pasi kwa upole kama kola ya Mama ya Jumapili. Ilinyooka. Mstari mweupe ulibaki, lakini niligundua kuwa ukiinamisha kadi kidogo kuelekea jua, mng'ao unafunika mstari wote. Nilipiga picha saba. Ya saba ilikuwa nzuri hata mimi mwenyewe nilitaka kubadilishana nayo. Nikaandika: "Gardien. Neuf kabisa. Natafuta capitaine."

Hazikupita dakika tano kabla mvulana wa Nia-Nia aitwaye Dieumerci kujibu. "Niko na capitaine. Neuf. Nakubali."

Wengine kwa kawaida walidai picha ya pili, ya tatu, ya nyuma. Yeye hakudai chochote. Nilijiona nina akili kuliko watu wote wa jimbo la Ituri.

Jumatatu Mama alikuwa anatuma mzigo Nia-Nia kwa mteja wake, mama mmoja muuza nguo ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kila baada ya wiki mbili Mama alimpigia picha nguo na nyuzi zake, yule mama akachagua kwa simu, mzigo ukapanda lori. Nilipomsikia Mama akitaja Nia-Nia, nilifurahi kwa uvivu wangu, maana sikuhitaji tena kutafuta dereva. Alipogeuka kutafuta kamba niliitumbukiza bahasha yangu katikati ya masweta ya watoto, nikamwandikia Dieumerci aende kuichukua kwa mwenye mzigo. Akaniandikia: "Ni kwa mama yangu." Hata hapo sikuona kitu. Niliona bahati tu.

Jumatano asubuhi lori likiwa bado linasota kwenye matope huko mbele ya Mambasa, simu ya Mama ililia mezani. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Mama alikuwa na mikono ndani ya koti, akaniambia niuguse usikike. Nikaugusa, na sauti nene ya mwanamke ikajaa katikati ya soko.

"Mama Uzi, jambo! Nakushukuru sana kwa karte ya mutoto. Hapa Dieumerci halali. Mimi nilimuuliza, 'Ulishaangalia karte muzuri?' Ananijibu, 'Mama, ni Mama Uzi. Kuangalia nini tena?'"

Mama alitoa mikono ndani ya koti.

"Karte gani?" aliniuliza.

Nilimweleza kwa sauti ya chini, nikiruka sehemu ya pasi. Mama si mtu wa kurukiwa habari. Alichukua simu, akafungua kundi, akasoma polepole akitembeza midomo, akaikuza ile picha ya saba kwa vidole viwili. Akaitazama kwa muda. Mtu aliyekagua nguo elfu na elfu, huwezi kumficha mstari chini ya jua.

"Hii imekunjika," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Akagusa picha ndogo ya duara iliyo juu ya ujumbe wangu, nayo ikafunguka ikajaza kioo. Ilikuwa yeye, amevaa kitenge chake cha kijani, amesimama mbele ya meza anacheka.

"Hii ni sura ya nani?"

"Ya weye, Mama."

"Na hii namba?"

"Ya weye."

"Sasa nani alisema karte iko neuf?"

Mama aliniwekea simu mapajani.

"Ni miye," alisema. "Kule Nia-Nia, miye ndiye nilisema."

Alirudi kwenye koti lake. Jinsi nilivyojisikia siwezi kuipamba: niliona haya mpaka masikio yakaniuma. Nilikuwa nimejizuia kugusa uzi wake miaka minne, na katika Jumapili moja nilikuwa nimegusa mdomo wenyewe. Nilielewa pia, kwa mara ya kwanza, kwa nini Dieumerci hakudai picha ya pili. Hakuniamini mimi, hakunijua. Aliamini mafundo madogo mekundu aliyoyaona kwenye kila mzigo wa mama yake tangu alipokuwa mdogo. Na kama kesho kutwa angefungua bahasha akakuta mkunjo, mama yake angezitazama vipi nguo zilizokuwa chini ya bahasha hiyo?

Nilimwomba Mama anipe uzi. Sijui nilipata wapi ujasiri. Aliniangalia sana, kisha akatoa bobini, akakata kwa meno kipande cha urefu wa kidole, akanipa kipande na bobini akairudisha mfukoni.

Kadi haikuwapo, ilikuwa matopeni. Kwa hiyo nilikata karatasi ya daftari kwa kipimo cha kadi, nikamchora kipa kama nilivyoweza, na nilichora vibaya, kisha nikalaza uzi pale hasa mkunjo ulipopita, kutoka kona ya juu mpaka kwenye glavu. Nikaenda kusimama penye mwanga, mahali pa Mama. Nikapiga picha. Nikaituma kundini, palepale nilipodanganyia, nikaandika:

"Huyu haiko Mama Uzi. Ni miye Neema, mutoto yake. Gardien haiko neuf. Iko na mukunjo pale niliweka uzi. Niliikanyaga na kiatu, nikaipiga pasi. Picha niliipiga na jua juu mukunjo isionekane. Ni troisième choix. Dieumerci, kama hautaki irudishe, na capitaine yako nitairudisha pia. Mama Uzi hakudanganya mutu. Ni miye."

Vicheko vilianza kuingia kabla sijaweka simu chini, nyuso za manjano zinazotoa machozi, safu kwa safu. Mvulana mmoja wa Komanda aliandika: "Weye uko mujinga! Alishakubali, karte ilishaenda, juu ya nini unasema?" Mwingine alisifu mchoro wangu, akauliza kama ni kipa au ni kuku. Dieumerci alisoma, alama mbili zikageuka bluu, na hakujibu.

Siku zile zilizofuata zilikuwa ndefu. Nia-Nia ilinyamaza kimya. Mama wa Dieumerci alikuwa na kawaida ya kutuma "nimepata" kila mzigo unapofika, halafu baada ya siku mbili tatu kuuliza kuna nini kipya. Lori lilifika, dereva mwenyewe alituambia. "Nimepata" haikuja. Mama alifanya kazi zake kama kawaida, ila nilimwona anavyoifuta mikono kwenye aproni na kuitazama simu, anaifuta na kuitazama. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi. Niliosha vyombo vyote vya nyumbani hadi vile visafi.

Jumapili mchana, Mama akiwa amelala kwenye mkeka, ujumbe wa sauti uliingia kundini. Sauti ya mvulana, nyembamba, inayovunjika katikati.

"Neema, bahasha ilifika. Simu ya Mama ilianguka ku maji, ndiyo maana tulinyamaza, hii ni ya muyomba. Nimeangalia gardien. Mukunjo iko palepale uliweka uzi. Nilifikiri itakuwa mubaya zaidi. Nabaki naye." Hapo nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa sikiliza. Capitaine yangu iko njiani. Nilisema neuf. Haiko neuf. Nilikuwa nimemubandika ku mulango na bugari. Nilimutoa na maji, mugongo wake ukatoka. Kama hautaki, rudisha. Sitakasirika."

"Na bugari!" ilisikika kutoka kwenye mkeka.

Mama hakuwa amelala. Alikaa, akajishika mbavu, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. "Na bugari! Capitaine muzima!" Alilirudia neno hilo jioni nzima, akimwambia jirani, akiiambia sufuria. Kapiteni alipofika siku chache baadaye, mgongo wake ulikuwa umekwanguka kweli, na kwenye kona moja palikuwa na punje ya unga iliyokauka ngumu. Sikuikwangua. Kikosi changu kilikuwa kimetimia, na nilijua kila mchezaji ana ugonjwa gani.

Lakini kilichotokea kundini ndicho ninachokisimulia kwa majivuno zaidi. Baada ya sauti ya Dieumerci, nyuso za manjano zilikoma. Kisha yule yule wa Komanda, aliyeniita mjinga, alituma picha ya winga wake: alikuwa amelaza juu yake uzi wa bluu, nadhani alichomoa kwenye shuka. "Hapa imepasuka. Niliweka gundi." Msichana wa Mambasa akatuma mbili. Mtoto mmoja wa Boga akaandika kwamba ile beki aliyompa mtu mwezi uliopita haikuwa kadi hata kidogo, aliikata kwenye katoni ya biskuti akaipaka rangi, na aliyeipokea amsamehe. Aliyeipokea akajibu kuwa alishaibadilisha kwa mwingine. Tulicheka siku tatu. Tangu hapo, bila mtu kutunga sheria, hakuna aliyekubali kadi kundini kabla haijapigwa picha penye mwanga, mbele na nyuma, na uzi juu ya kasoro. Neno neuf likaanza kuwa na maana, kwa kuwa watu walilitumia mara chache. Tuliandika premier, deuxième, troisième, kama kwenye meza yetu. Watoto wa njia nzima, ambao hawajawahi kumwona Mama, walikuwa wanakagua kama Mama.

Ila Mama bado alikuwa na bobini mfukoni.

Majuma kadhaa yalipita. Siku moja tukiwa ndio kwanza tumekata balo, mwanamke mrefu mwenye begi la safari alisimama mbele ya meza, akamtazama Mama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mama Uzi ni weye? Kumbe uko mufupi. Ku picha uko murefu."

Niliitambua sauti ile nene kabla Mama hajaitambua. Nikarudi nyuma ya balo nikachuchumaa. Walikumbatiana, wakaulizana habari za njia na za watoto, wakapewa viti na chai kutoka kwa jirani. Nikasikia kile ambacho mwili wangu wote ulikuwa ukikingoja.

"Na ule mutoto wa karte iko wapi?"

Mama aliniita. Nilitoka na vumbi magotini. Mama wa Dieumerci alinishika kidevu akanigeuza huku na huku, na mimi niliogopa kwamba ananikagua.

"Mama Uzi, miye nanunua na simu kwa watu wengi. Mpaka Kisangani. Wananitumia picha muzuri, nafungua muzigo, nalia. Nikipiga simu, hakuna anayekamata. Hakuna hata mutu mukubwa mumoja alishaniambia, mbele sijaona mwenyewe, 'Nilikudanganya.' Huyu alisema. Karte iko bado njiani, alisema." Akaniachia kidevu. "Muzigo yangu ya leo, nataka huyu ndiye achague."

Alinitazama kama anavyotazama nguo, na nadhani alipitisha macho kwenye mishono yangu yote, na kwenye mkunjo nilio nao, ambao aliujua. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni akatoa bobini.

"Uzi haiko muchezo," alisema.

"Ni mudomo yako, Mama."

"Leo ni ya weye."

Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani miaka yote ile. Nilisimama penye mwanga. Shati la kwanza lilikuwa la mistari, la mtoto wa umri wangu. Niliingiza mkono, nikatanua vidole, hapakupita mwanga popote, nikaliweka upande wa premier. La pili lilikuwa na tundu chini ya kwapa, dogo, ambalo mtu mwenye haraka angelipita. Nilifunga fundo. Likawa kubwa kama harage, nikalifungua nikalifunga tena. Nilikagua mpaka jua likahama na mimi nikahama nalo, na akina mama wawili hawa walikuwa wanakunywa chai na kumteta kapiteni wa bugari, kana kwamba mimi sipo.

Nilipomaliza, Mama alipanga nguo zote ndani ya gunia. Nilingoja azifungue, azinyooshe penye mwanga, apitishe kidole gumba baada yangu kama alivyofanya kwa kila mtu aliyewahi kumsaidia pale mezani. Alikaza kamba kwa goti, akaandika Nia-Nia ubavuni kwa makaa, akamwita mwenye moto, yaani pikipiki, apeleke mzigo kwenye lori. Hakukagua hata moja.